Kidogo cha Kijapani

Mtu akiniambia anakwenda Japani kwa mara ya kwanza, kabla hajataja hata mji, mimi namuuliza habari za soksi zake. Zina tundu? Zimelegea? Basi nunua mpya, kwa sababu huko utavua viatu mahali usipotegemea: kwenye mkahawa, hekaluni, hata dukani kwenye chumba cha kujaribia nguo, na aibu ya kidole gumba kinachochungulia haina dawa. Watu hucheka, halafu wakirudi hunitafuta kuniambia nilisema kweli. Huniuliza nilikaa Japani miaka mingapi. Sijawahi kufika. Hayo ya soksi, na mengine yote ninayoyajua kuhusu nchi ile, nilifundishwa na mzee mmoja katika ofisi ya ghorofa ya pili pale Al Rigga, Dubai, na ndiye huyohuyo aliyehakikisha kwamba sitafika.

Tulimwita Kiongozi. Mimi ni wa Nakuru, na kwetu neno hilo halina sifa nzuri. Kiongozi ni mtu wa kuangaliwa mikono. Lakini yeye aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake, kuongoza misafara. Kampuni yetu ndogo ya utalii ilikuwa inapeleka watu Japani kwa makundi: familia za hapa Dubai, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki ambao walikuwa wamezoea kununua magari ya Kijapani bila kuiona Japani yenyewe. Kiongozi alikuwa Mzanzibari, mkaazi wa Ghuba wa siku nyingi. Ujanani alifanya kazi ya kupakia magari melini kule Yokohama, akajifunza lugha, akarudi na tabia chache za kule zilizomkaa kweli na nyingine ambazo alizivaa siku ya kazi tu. Mimi nilikuwa wa mapokezi. Simu zangu, viza zangu, chai yangu, na lawama za ndege kuchelewa pia zangu.

Alikuwa mfupi, mkavu, suruali ameipandisha juu ya kitovu, na mfuko wa shati umejaa kalamu ambazo hakuna hata moja iliyoandika. Ukimwazima kalamu yako huioni tena. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, na aliitumia yote.

Kila kundi lilipokaribia kuondoka, tulipanga viti ofisini jioni na Kiongozi akatoa darasa. Sakafuni, karibu na mlango, alibandika utepe wa karatasi kuwa ndio kizingiti cha nyumba ya Kijapani. Hakuna aliyeuvuka na viatu, hata sir mwenye kampuni. "Ukenda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho," alianza, kila mara kwa methali hiyohiyo, na kila mara akitutazama kana kwamba ameitunga yeye asubuhi ile. Kisha akavua viatu vyake, akainama, akavigeuza. "Pua ya kiatu itazame mlango. Unaingia huku ushajitayarisha kutoka. Hiyo ndiyo adabu ya mgeni." Nilimsikia akisema maneno hayo mara nyingi mno. Sikujua kwamba ananiambia na mimi.

Darasa alilolipenda zaidi ni la maji ya moto, yale mabwawa ya chemchemi wanayokaa watu pamoja. Alilipenda kwa sababu alijua litawatisha. Namkumbuka mama mmoja wa Nairobi, mnunuzi wa vipuri vya magari kule Ras Al Khor, hapahapa Dubai, mwanamke wa kifua na kicheko ambaye sote tulimwita Mama Spea. Alikuwa amekaa mbele kabisa, mkoba mapajani.

"Ngoja nielewe," alisema. "Naoga kwanza, kwa sabuni, niwe safi kabisa. Ndio sasa niingie kwa maji?"

"Ndiyo. Yale maji si ya kuogea, bibie. Ni ya kukaa."

"Na nguo?"

"Hapana nguo."

"Hata leso?"

"Kitambaa kidogo utapewa. Unakikunja, unakiweka kichwani."

"Kichwani," Mama Spea alisema, akageuka kututazama sisi wengine. "Yaani kati ya vitu vyote nilivyo navyo, cha kufunika ni kichwa."

Ofisi ilivunjika mbavu. Kiongozi alisubiri, mikono nyuma, hadi kicheko kikaisha, kisha akaendelea na jinsi ya kukaa majini bila kumtazama jirani. Mama Spea alipanda ndege baada ya siku chache, na aliporudi aliniambia kwamba aliingia, alikaa, na kitambaa kilikuwa kichwani.

Sitaki kumfanya mtu wa vichekesho. Alijua kazi yake. Aliwaambia watu kwamba Tokyo kwenye ngazi za umeme husimama kushoto, Osaka husimama kulia, na asiyejua atasukumwa kwa heshima. Aliwaonya wasimpe mhudumu bakshishi, kwa sababu atakimbia nyuma yao barabarani kuirudisha, na watakuwa wamemchosha bure. Wasichomeke vijiti wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo wanavyowawekea wali maiti. Mlango wa teksi wasiuguse, unajifungua wenyewe. Waislamu aliwafundisha kuuliza kuhusu mchuzi, siyo nyama tu, kwa sababu pombe hujificha kwenye mchuzi. Na kila mmoja abebe mfuko wa taka zake, kwa kuwa mapipa ya taka barabarani ni ya kutafuta kwa tochi. Hili la taka alilifuata mwenyewe, hata hapa. Nimemwona akitembea Al Rigga nzima na ganda la ndizi mfukoni, akapita mapipa mengi tu, akafika nalo ofisini.

Lakini mengine, loo. Alifundisha ukimya ndani ya treni, na ili watu wazoee aliwapeleka kwenye metro ya hapa kwa mazoezi. Siku moja nilikwenda nao. Tulipanda Al Rigga, kundi zima limefunga midomo, wazee wa Kampala na Nairobi wametazama mbele na mikono magotini, na abiria wengine wanatushangaa. Kabla hatujafika kituo cha pili simu ya Kiongozi ikalia. "Alo. Alo. Sema kwa nguvu, sikusikii. Nipo ndani ya treni, nafundisha watu kunyamaza." Alizungumza hadi tulipogeuza njia, habari za fundi wa kiyoyozi nyumbani kwake. Hakuna aliyethubutu kucheka, kwa sababu tulikuwa tumekatazwa sauti.

Na saa. Aliwaambia wageni kwamba treni za Japani hazimsubiri mtu, kwamba kule hakuna "nipo njiani". Yeye mwenyewe darasa lake lilianza alipofika. Nilimpigia simu watu wameshajaa. "Nipo hapa chini, nakuja," alisema, na nyuma yake nikasikia wajukuu na bomba la maji, na nikajua yuko Al Twar kwa bintiye bado anatawadha. Nilimfichia. Niliwapa wageni chai, nikaanza darasa mimi: viatu, soksi, kizingiti. Ndivyo nilivyoanza kufundisha, kwa kuziba pengo la mzee aliyechelewa.

Kuna jambo moja lazima niliseme, japo linanichoma kulisema. Alikuwa mwema kwangu. Alifundisha kwamba Mjapani haendi kwa mtu mkono mtupu, na akaongeza la kwetu, kwamba mkono mtupu haulambwi. Na kila aliporudi safari aliniletea kitu. Alikitoa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, akisema, "Si kitu." Nami nilitakiwa kukipokea kwa mikono miwili na nisikifungue mbele yake. Mara feni ya karatasi. Mara keki ndogo zilizojazwa maharage matamu, na mimi mtoto wa githeri sikuwahi kufikiria kwamba maharage yanaweza kupewa cheo namna hiyo. Nilipougua homa, nimelala kwenye kitanda changu cha juu katika chumba tulichopanga wasichana wengi, alimtuma bintiye na chupa ya uji wa pilipili manga. Mimi sina baba. Nilipokunywa uji ule nilimwazia mambo ambayo mtu humwazia baba.

Mara moja aliniletea ramani ya treni za Tokyo. "Hii utaihitaji," alisema. Kuanzia siku ile akawa ananisomesha. Alikuwa akipita mezani kwangu simu inalia, madam, mke wa sir, ananiita, naye anasema, "Nitoe Ueno, nipeleke Shibuya." Nami namtoa Ueno kwa ile njia ya kijani inayozunguka mji, namshusha Shibuya, huku nimeshikilia simu begani. "Sasa nirudishe Asakusa, mvua inanyesha na nina mzee wa magoti." Namrudisha kwa njia isiyo na ngazi nyingi. Alikuwa akifurahi, anapiga meza kwa kiganja. Siku moja, mbele ya kundi zima la Nairobi, alinishika bega akasema, "Huyu ndiye atakayenirithi." Kundi likapiga makofi. Maneno hayo sikuyaomba. Aliyasema mwenyewe, kwa sauti yake ile kubwa.

Sasa nifike kwenye darasa la neno moja.

"Mjapani hakwambii hapana," alifundisha. "Hapana ni neno kali kwao, linamvunjia mtu uso. Umekwenda mkahawani, unauliza, mna nafasi ya watu wengi? Atakutazama. Atainamisha kichwa upande. Atavuta pumzi kwenye meno, hivi." Akavuta, ikasikika hadi nyuma. "Kisha atasema, chotto. Maana yake kidogo. Kidogo, halafu kimya, maneno hayamaliziki. Msikae mkasubiri yamalizike. Huyo keshakukataeni. Shukuruni, ondokeni."

"Kidogo nini, ssebo?" aliuliza mfanyabiashara mmoja wa Kampala. "Nafasi ndiyo iko kidogo?"

"Kidogo, khalas."

"Lakini mtu akiniambia kidogo, mimi nakaa namngoja."

"Ndiyo maana nakufundisheni," alisema Kiongozi. "Kwetu sisi kidogo ni mtu anakuja. Bado kidogo, ngoja kidogo, sogea kidogo. Kwao kidogo ni mtu keshaondoka. Mkichanganya hivi viwili, mtasimama mlangoni mpaka wafunge."

Baadaye darasa hilo likawa langu. Nilikuwa naigiza mwenye mkahawa, mgeni mmoja anakuja kuniomba meza, mimi nainamisha kichwa, navuta pumzi, "Kidogo..." na ofisi nzima inaitikia, "Khalas." Kiongozi alikaa pembeni akinitazama. Nilidhani ni fahari.

Makundi yakaongezeka. Mama Spea, ambaye sasa alikuwa analeta wenzake kila mwaka, akawa hampigii Kiongozi simu, ananipigia mimi. "Wewe dada, ndiwe unanieleza nikaelewa. Mzee ananipa hadithi." Nilicheka nikamwambia amheshimu mzee. Wengine wakafuata. Kisha sir akatuita wote na kusema kwamba safari ijayo ya msimu wa maua, Kiongozi atapewa msaidizi kutoka ofisini, mwanamke ikiwezekana kwa sababu ya familia, na huyo atakuwa kiongozi kamili baadaye. Jina atalitoa Kiongozi mwenyewe. Watu waligeuka kunitazama. Mimi nilitazama sakafu, kwa adabu, lakini moyo ulikuwa umeshafika uwanja wa ndege.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha wakati uleule. Madam, aliyeshughulika na karatasi zetu, alikuwa ameniambia wazi: nikiwa msaidizi nitapata mkataba mpya na viza mpya; nisipokuwa, meza ya mapokezi inaondolewa. Na hoteli moja hapo Al Rigga, ng'ambo ya barabara, ilinitaka kwa mapokezi yao. Meneja wao alinipa hadi mwisho wa wiki. Kwa hiyo nilikuwa na milango miwili, mmoja wa kunipa mkate na mwingine wa kunipa dunia, na mtu aliyeshika ufunguo wa ule wa pili ni mzee aliyenitumia uji.

Nilimfuata baada ya sala ya adhuhuri. Ofisi ilikuwa kimya, sir ametoka. Tulikaa na chai na chapati kama siku zote.

"Kiongozi," nilisema, "ile hoteli wananitaka. Wanataka jibu wiki hii. Sijaambia mtu mwingine. Niambie tu ukweli, nafasi yangu kwa safari ya maua iko?"

Aliweka kikombe. Aliinamisha kichwa upande, akavuta pumzi kwenye meno.

"Kidogo, mwanangu," alisema. "Kidogo..."

Simu yake ikalia, akanyanyuka nayo, akaenda kuongelea dirishani.

Jioni ile nilivuka barabara nikamshukuru meneja wa hoteli, nikamwambia sitakuja. Nikarudi kwa miguu, nikaingia duka la soksi.

Wewe unayesoma umeshaelewa, na huenda unaniona mjinga. Nimejiuliza sana kwa nini mimi, niliyekuwa naigiza pumzi ile kwa wageni, sikuisikia iliponijia mwenyewe. Jibu ni hili. Alinisemesha kwa Kiswahili. Mtu aliyeniita mwanangu, tuko wawili, chapati moja tumeikata katikati, ananiambia kidogo. Nami nikasikia kile ambacho Mswahili yeyote angesikia, bado kidogo, subiri kidogo, jambo lako linakuja. Darasani nilikuwa mwanafunzi wake. Pale kwenye chai nilidhani mimi ni mtu wake.

Wiki iliyofuata madam aliniita nitie sahihi karatasi za kufunga viza.

"Tunasikitika unatuacha," alisema. "Hoteli wana bahati."

"Nani amesema naenda hotelini, madam?"

Alinitazama, akaona kitu usoni mwangu, akaweka kalamu chini. "Mzee wako. Alimwambia sir kwamba umeshakubali hoteli, na kwamba ulimwomba yeye atuambie kwa sababu unaona haya."

Siri niliyompa mkononi aliibeba hadi kwa sir, akaigeuza, akaitumia. Niliuliza swali moja tu, nani anakwenda naye safari ya maua.

"Hakuna mtu," madam alisema. "Alisema hajaona mwingine anayefaa. Kiti tumeshakilipia, lakini anataka kwenda peke yake."

Angempa mpwa wake, ningeelewa. Damu nzito kuliko maji, ningemlaani na kuendelea. Angempa msichana mrembo, ningeelewa hata hilo. Yeye alichagua kiti kitupu kuliko mimi. Nilitia sahihi. Nilipokwenda tena hotelini, meza yao ilikuwa na msichana wa Kifilipino mwenye tabasamu zuri, na meneja akaniambia kwa upole kwamba alinisubiri nikakataa.

Nilimkuta Kiongozi kwenye kibanda cha chai ya karak chini ya ofisi, amesimama na glasi yake ya karatasi.

"Umewaambia nini?" nilimuuliza.

Sikutegemea kwamba hatakana. Alikunywa kwanza. "Mimi nilikwambia," alisema.

"Uliniambia nini?"

"Nilikwambia kidogo. Nikavuta na pumzi. Wewe si ndiye unayewafundisha watu? Nilijua umefahamu."

"Mimi si Mjapani, mzee. Mimi nilikuuliza kwa Kiswahili."

"Ningekwambia hapana ungeumia."

"Na sasa je?"

Alitazama watu wanaopita. Muuza chai alikuwa anatusikiliza bila kujua lugha. Halafu Kiongozi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mama Spea anakupigia wewe. Kundi zima la Nairobi wanakuulizia wewe. Ukishafika kule mara moja, ukaziona njia kwa macho yako, mimi nitaitwa kwa lipi?"

Watu huniambia hapo nilipaswa kumhurumia. Sikumhurumia, na sijajifunza bado. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza kuwa umeshonewa na huyohuyo anayekula. Nilimwacha na chai yake. Wiki chache baadaye nilikuwa Nakuru, nauza mitumba na mama, na mama anauliza mbele ya wateja, "Na ile Japani?" Ile ramani ya treni niliiona kila nilipofungua sanduku, na sikuitupa, kwa sababu kila mstari wake nilikuwa nimeutolea jasho.

Habari za ile safari ya maua nilipewa na Mama Spea, aliyenipigia hadi Nakuru. Alisema ilikuwa nzuri, maua kama alivyoyaona pichani, lakini mzee hakuwa yule tunayemjua. Ndani ya treni alikaa na kiti kitupu ubavuni, ameweka mfuko wake hapo. "Alikuwa anageuka kuongea na mtu, dada, halafu anakuta mfuko," alisema. "Sisi tukafikiri ni uzee." Niliposikia hivyo nilifurahi. Naandika nilivyohisi: nilifurahi.

Nilirudi Dubai baada ya mwaka na kitu, kwa hoteli nyingine, Al Rigga ileile. Nikapanda polepole hadi meza ya kuwaelekeza wageni, ile wanapouliza wapi pa kula na wapi pa kwenda. Kampuni yetu ya zamani ilikuwa imefungwa, na mahali pake pana kinyozi. Wageni wakisikia kwamba najua ya Japani, huja kuniuliza. Nawafundisha soksi, taka, ngazi za umeme, mchuzi. Nawaambia pia kwamba mwenyeji wa Kijapani humsindikiza mgeni nje na kusimama hadi apotee machoni, na mgeni mwenye adabu, akifika kona, hugeuka mara moja na kuinama. Sauti ninayotumia ni yangu, lakini kuna maneno ambayo ni yake, na siku nyingine huyasikia yakitoka na kinywa kinaniwia kichungu.

Alikuja alasiri moja, ukumbi wa hoteli una watu. Nilimtambua kwa suruali kabla ya uso. Alikuwa amekonda, ana bakora, na bintiye alibaki nje ndani ya gari. Alisubiri zamu yake nyuma ya familia iliyokuwa inauliza njia ya sokoni. Ilipofika, aliweka juu ya meza yangu mfuko, kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Si kitu," alisema. "Halua tu."

Niliupokea kwa mikono miwili. Sikuufungua. Mikono ilijua yenyewe la kufanya, na hilo liliniudhi.

"Kiongozi."

"Mwanangu. Nimeambiwa upo hapa. Nimeambiwa wageni wanakusifu." Alitazama ile meza yangu, ramani zangu, kalamu zangu zinazoandika. "Mimi narudi Unguja. Nakwenda kukaa, sirudi tena. Na desturi yetu unaijua, watu wakiachana huombana radhi. Nimezunguka kwa wote. Wewe nimekuweka mwisho kwa sababu wewe ndiye mzito."

Niliuweka mfuko kando ya ramani.

"Nilikukosea," alisema. "Sikufanya vile kwa kuwa hufai. Nilifanya kwa kuwa unafaa. Hilo nilitaka ulisikie kwa kinywa changu, kwa Kiswahili. Umenisamehe?"

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja miaka. Nilikuwa nimeyapangia majibu, marefu, mengine ya kelele, mengine ya machozi, nikiwa njiani kwenda kazini na nikiwa nakunja nguo. Lile la kwamba nilifaa lilinigusa, sidanganyi. Lilinigusa na hapohapo likanichoma zaidi, kwa maana kama alilijua siku ile basi alilijua kila siku iliyofuata, mimi nikiwa juani na mitumba begani.

Niliinamisha kichwa upande. Nikavuta pumzi kwenye meno.

"Kidogo, Kiongozi," nilisema. "Kidogo..."

Uso wake ulifunguka. Kwa muda mfupi alikuwa mzee yeyote wa Kiswahili aliyeambiwa kidogo, akasogeza sikio mbele angoje yaliyobaki. Alingoja. Sikumalizia. Nikaona anaanza kunitazama kinywa, kisha kichwa changu kilivyolala upande, na ule mkono wake uliokuwa umeshika ukingo wa meza ukatoka taratibu, ukarudi kwenye bakora.

"Nimefahamu," alisema.

Nilimsindikiza nje, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha. Bintiye alimfungulia mlango wa gari, na gari likaondoka polepole kwenye msongamano wa Al Rigga. Nilisimama kando ya barabara hadi lilipofika kona. Pale kwenye kioo cha nyuma nilimwona amegeuka. Nikainama, chini kabisa, na niliponyanyuka gari halikuwepo.

Halua niliipeleka chumba cha wafanyakazi, nikaiacha mezani. Waliniambia ilikuwa tamu.